Tulitazama Upepo, Maji Yakaingia kwa Mlango wa Nyuma

Msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hufunguliwa katikati ya Novemba na kufungwa mwisho wa Aprili, na kila unapokaribia simu zetu hujaa ramani za rangi. Safari hii ramani hizo zimekuja pamoja na picha za Jamaica, ambako Kimbunga Melissa kilitua tarehe 28 Oktoba 2025 kikiwa na upepo wa karibu kilomita 300 kwa saa. Maswali ninayoyasikia kwenye daladala na kwenye makundi ya WhatsApp ni mawili tu: mwaka huu vinatarajiwa vingapi, na je, kimoja cha ukubwa ule kinaweza kufika Dar, Tanga au Mombasa? Ni maswali ya haki, na anayeuliza si mjinga. Lakini yanatufanya tukodolee macho baharini wakati hatari imeshapanda mlimani nyuma yetu.

Idadi ya vimbunga katika msimu, jina la kimbunga na kasi ya upepo wake ni vipimo vya bahari. Watu hufa nchi kavu, na katika ukanda wetu wengi wao huuawa na maji ya mvua na mito, mara nyingine kabla dhoruba haijapewa jina, mara nyingine siku kadhaa baada ya upepo kutulia. Hayo ndiyo niliyojifunza kutokana na msimu wa 2018–2019 na kimbunga chake kilichoua kuliko vyote, Idai, na ndiyo maana nadhani tunausoma vibaya kila msimu uliofuata.

Msimu ule ulikuwa wa ajabu kwa kipimo chochote. Zilihesabiwa dhoruba 15, na zisizopungua tisa kati ya hizo zilifikia daraja la kimbunga kikali, jambo ambalo halikuwahi kuonekana tangu eneo hili lianze kuwekewa kumbukumbu za kuaminika mwishoni mwa miaka ya 1960. Sasa chukua orodha ya majina uyapitie. Alcide, Cilida, Funani, Gelena, Haleh, Joaninha: vyote vilikuwa vikali, na karibu vyote vilizunguka katikati ya bahari, vikapita kando ya visiwa, vikafia kwenye maji ya baridi huko kusini. Nahodha mwenye redio alivikwepa. Wakati huohuo Eketsang, dhoruba dhaifu ya mwezi Januari ambayo upepo wake haukufikia hata kuitwa kimbunga, iliua watu Madagaska kwa mvua. Kwa hiyo hata ndani ya msimu uliovunja rekodi, ukali wa upepo na idadi ya makaburi havikwenda pamoja.

Idai nacho kilianza kinyonge. Tarehe 4 Machi 2019 ulijitokeza mgandamizo mdogo wa hewa karibu na pwani ya Msumbiji, ukaingia nchi kavu siku hiyohiyo kupitia mkoa wa Zambezia, ukapanda hadi kusini mwa Malawi. Huko ulimwaga mvua kwenye bonde la Mto Shire, wilaya za Nsanje na Chikwawa, na watu wapatao 60 wakapoteza maisha kwa mafuriko. Tusimame hapo kidogo. Hao 60 hawakuuawa na kimbunga kwa maana ya vitabu. Wataalamu wa Reunion, ambao ndio wenye dhamana ya kufuatilia vimbunga vya eneo hili, walikuwa bado wanakiita kwa namba. Ndipo kikageuka, kikarudi kwenye Mlango-bahari wa Msumbiji, kikanywa joto la maji yale, kikapewa jina tarehe 9, kikafikisha upepo wa kilomita 195 kwa saa, na usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi kikatua karibu na Beira, mji wa watu zaidi ya nusu milioni.

Beira ulipigwa na upepo kweli, sitaki kuficha hilo. Mabati yaliruka usiku kucha kama nyembe, minara ya simu ikaanguka, barabara kuu ya N6 inayouunganisha mji na bara ikakatika, na kwa siku kadhaa dunia haikuwa na habari sahihi kwa sababu hakukuwa na mtu wa kupiga simu. Lakini janga lenyewe lilikuwa bado liko njiani. Mvua iliyomwagwa kwenye nyanda za juu za Zimbabwe na za Manica, mkoa wa Msumbiji unaopakana nayo, ilihitaji muda kuteremka, na ilipoteremka Mito Buzi na Pungwe ikavunja kingo zake na kutengeneza ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 100 mahali palipokuwa na mashamba ya mahindi yaliyokaribia kuvunwa. Picha tulizoziona baadaye, za familia zilizoketi juu ya mapaa na kwenye matawi ya miembe zikisubiri boti, zilipigwa wakati upepo ulikwisha ondoka. Na Kopa, kitongoji cha Chimanimani mashariki mwa Zimbabwe, kiko takriban kilomita 200 kutoka baharini. Nyumba zilikuwa zimejengwa palepale mito inapokutana. Usiku ule mlima ulishusha maji, tope na majabali makubwa kuliko nyumba zenyewe, na asubuhi kitongoji hakikuwepo. Msumbiji ilihesabu vifo 603, Zimbabwe mamia waliokufa au kupotea, na kwa nchi zote tatu idadi ilipita elfu moja.

Zipo hoja nne au tano zinazoshindana kuhusu chanzo cha yote haya, na si zote zina uzito sawa.

Ya kwanza ni mabadiliko ya tabianchi. Ina nguvu, na siwezi kuipuuza: hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, na bahari iliyopanda huyapa mawimbi ngazi ya kukanyagia yanapovamia ufuko. Hata hivyo, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliojaribu kupima swali hili hasa kwa Idai, kwa kuangalia mafuriko ya pwani. Ulikuta kwamba kupanda kwa bahari na kuongezeka kwa upepo kulikotokana na mabadiliko ya tabianchi kulichangia takriban asilimia 3 ya watu waliolazimika kuhama makazi. Hiyo ni zaidi ya watu 12,000, idadi ya mji mdogo mzima, na nchi zilizochafua hewa zina deni hapo. Ila hesabu hiyohiyo inatuachia swali la ile asilimia 97. Hata tukiongeza mchango wa mvua, ambao utafiti ule haukuugusa, sehemu kubwa ya jibu itabaki kwenye mambo ya chini: nani amejenga wapi, mto una nafasi ya kupumua kiasi gani, na taarifa inamfikia nani kwa lugha gani. Kiongozi anayesimama mbele ya kamera akisema “ni tabianchi” anasema kweli, na kwa kusema hivyo anapata pia pa kujificha.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi mitandaoni: kwamba watu walionywa wakakaidi. Msumbiji haikulala. Baada ya mafuriko ya mwaka 2000 yaliyoua watu wapatao 700, nchi hiyo ilijenga mfumo wa tahadhari uliosifiwa barani kote, wenye kamati za vijiji na bendera za rangi, na kabla ya Idai serikali ilitangaza tahadhari nyekundu siku mbili tatu kabla ya kutua. Lakini soma tahadhari yenyewe ilivyotangazwa: uzito ulikuwa kwenye upepo na kwenye pwani. Mkulima wa Buzi aliyetii kila neno angefunga paa lake vizuri, angejifungia ndani usiku wa tarehe 14, angeamka salama tarehe 15 na kumshukuru Mungu. Kisha maji yangemkuta akirekebisha uzio. Huyo utamwitaje mkaidi? Aliambiwa juu ya adui mmoja, akaja mwingine, tena kutoka upande ambao hakuna aliyemwambia autazame. Na hata angeambiwa, swali la pili lingekuwa aende wapi katika tambarare ambayo kichuguu ndicho kilima.

Kuna hoja ya miundombinu, nami naiheshimu kwa sababu ina ushahidi wa kushikika. Beira ulijengwa na Wareno juu ya kinamasi, sehemu zake ziko usawa wa bahari au chini yake. Miaka ya kabla ya Idai, chini ya Meya Daviz Simango, mji ulikuwa umeufufua Mto Chiveve, mkondo mdogo unaokatiza katikati ya mji ambao ulikuwa umezibwa na taka na ujenzi, kwa fedha za Ujerumani na Benki ya Dunia, pamoja na mifereji na bwawa la kupokea maji ya mvua. Maeneo yaliyoguswa na kazi ile yalikauka mapema kuliko mengine. Upepo haukupungua hata nukta moja kwa ajili ya Chiveve, maji ndiyo yaliyopungua. Simango alifariki mwaka 2021, na sidhani kama alipewa sifa anayostahili kwa jambo hilo.

Upande wa pili una hoja mbili nzito dhidi yangu. Ya kwanza ni Chido. Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga hicho kiliikumba Mayotte, kisiwa cha Ufaransa jirani na Komoro, kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na hapo upepo wenyewe ndio uliobomoa. Vilima vizima vya vibanda vya mabati viliachwa vipara. Nakubali, kwa kisiwa kidogo chenye miinuko hadithi ni tofauti. Ila hata huko, walioumia zaidi walikuwa kwenye mitaa ya mabati ambako wahamiaji wengi, wakiwemo ndugu zetu wa Komoro, hawana vibali, na baadhi yao waliogopa kwenda kwenye makazi ya dharura wakidhani ni mtego wa kuwakamata. Upepo uleule ulipita juu ya nyumba za zege pia.

Ya pili ni nzito zaidi, na imenifanya nibadili sehemu ya msimamo wangu. Idadi ya vimbunga katika msimu inaweza isiseme lolote juu ya ukali wa kila kimoja, lakini inasema jambo juu ya mfuko. Wiki sita tu baada ya Idai, tarehe 25 Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipita Komoro na kutua Cabo Delgado, kaskazini mwa Pemba ile ya Msumbiji, kikavibomoa Ibo na Macomia, maeneo ambayo mzee wa huko akizungumza Kimwani, lugha ya pwani ile, Mswahili wa Lamu au Kilwa ataokota maneno mengi bila mkalimani. Haikuwahi kurekodiwa kabla ya hapo vimbunga viwili vikali kuipiga Msumbiji katika msimu mmoja. Kenneth kilikuwa na upepo mkali kuliko Idai na kikaua watu 45, na hilo peke yake ni ushahidi wa hoja yangu. Lakini maghala ya misaada yalikuwa yameshafunguliwa, helikopta na boti zilikuwa Sofala, mkoa wa Beira, na mwezi huohuo serikali ilikuwa imechukua mkopo wa dola milioni 118.2 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, usio na riba lakini mkopo hata hivyo, ikiwa tayari imeelemewa na kashfa ya madeni yaliyofichwa. Nchi ikakopa ili izibe tundu ambalo haikulichimba yenyewe, na kabla saruji haijakauka likachimbwa la pili. Kwa mwenye kupanga bajeti, basi, msimu wenye vimbunga vingi ni habari muhimu. Kwa mwenye nyumba bondeni si habari.

Kwetu Tanzania na Kenya makosa haya huzaa tabia mbili zinazokwenda pamoja: tunataharuki tukisikia jina, na tunalala fofofo pasipo na jina. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 2024 nilikuwa Dar es Salaam tukikisubiri Kimbunga Hidaya. Boti za Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa. Mtaani kwetu mishumaa iliisha dukani kabla ya magharibi, na jirani yangu, fundi wa kuchomelea, alipanda juu ya paa akaweka matairi mawili ya gari ili bati lisiinuke. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na upepo wa kutikisa miembe. Akanionyesha matairi yake kwa kidole, akacheka: “Kaka, hidaya yenyewe haijafika.” Wiki nzima iliyofuata Mamlaka ya Hali ya Hewa ikawa ndiyo kichekesho cha mji. Lakini saa zilezile tulipokuwa tukicheka, mvua za Hidaya zilikuwa zimeikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga, wilayani Kilwa, na abiria wa Mtwara walilala njiani siku kadhaa. Ilifika. Ilipitia kwenye makalvati.

Na jambo baya zaidi halikuwa na jina kabisa. Tarehe 25 Aprili 2024, siku chache kabla ya Hidaya, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa ameliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zimeshaua watu 155. Tarehe 29 Aprili, upande wa Kenya, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli ya zamani baada ya mtaro wa chini kuziba yalipasuka na kushuka Mai Mahiu usiku, yakaua makumi. Miezi mitano kabla, tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilikuwa limeingia Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Hakuna ramani yenye jicho jekundu iliyosambazwa kuhusu Katesh. Hakuna aliyenunua mishumaa. Malawi walipitia vivyo hivyo mwaka 2023, Kimbunga Freddy kilipowafikia kikiwa kimeishiwa upepo lakini kimejaa maji. Maporomoko ya vilima vya Blantyre yakaifanya nchi isiyo na bahari ihesabu, ukijumlisha na waliopotea, zaidi ya watu elfu moja.

Wapo watakaosema sisi tulio karibu na ikweta tusijisumbue na vimbunga hata kidogo. Wana nusu ya ukweli: nguvu ya mzunguko wa dunia inayokisokota kimbunga hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Lakini Lindi ilipigwa Aprili 1952, na kabla ya hapo, Aprili 1872, kimbunga kiliifyeka Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake, huku Pemba ikinusurika. Ukijiuliza kwa nini leo karafuu ni ya Pemba, sehemu ya jibu ni kimbunga kile kimoja. Unguja ilikuwa imeweka sehemu kubwa ya utajiri wake kwenye mti mmoja.

Tukikubali kwamba kinachoua ni maji, mambo kadhaa yanapaswa kubadilika, na mengine hayana gharama kubwa. Taarifa ya tahadhari iache kuanza na kilomita kwa saa. Ianze na mto: mto gani utajaa, ufike wapi, saa ngapi baada ya mvua, na vijiji gani viko njiani. Mtu wa Ikwiriri hajui kilomita 120 kwa saa ni kitu gani, ila anajua Rufiji ikifika kwenye mti fulani mambo yameharibika. Pili, taarifa ivuke mpaka, kwa sababu maji huvuka bila pasipoti. Sehemu ya mvua iliyowazamisha watu wa Buzi ilinyesha Zimbabwe. Sisi tuna Ruvuma na Msumbiji, Songwe na Malawi, Mara na Kenya. Tatu, tupime mafanikio ya serikali za mitaa kwa usafi wa makalvati mwezi Oktoba, siyo kwa magunia ya unga yanayogawiwa mwezi Mei mbele ya waandishi wa habari. Hili la tatu najua halitapendwa, kwa kuwa hakuna mwanasiasa aliyewahi kupigiwa makofi kwa mtaro uliozibuliwa.

Lililo gumu kweli ni ardhi. Baada ya Idai, familia nyingi za Buzi zilihamishiwa Guara-Guara, kwenye mwinuko, zikapewa mahema na viwanja. Salama palikuwa salama, lakini shamba lilibaki bondeni, na udongo wa bondeni ndio unaozaa, kwa sababu kinachoufanya uzae ni mto uleule kuupanda kila baada ya miaka kadhaa. Watu wakawa wanashuka kulima na kupanda kulala, kisha wakaanza kulala kulekule kulinda mazao yasiliwe na wanyama. Tarehe 23 Januari 2021, katika msimu ambao haukuvunja rekodi yoyote, Kimbunga Eloise kilitua karibu na Beira kikiwa na upepo mdogo kuliko wa Idai. Udongo ulikuwa umeshalowa kwa mvua za wiki zilizotangulia. Mto Buzi ukajaa tena, na boti zikaanza upya kuwachukua watu kutoka mashambani kuwarudisha Guara-Guara.